Mizani ya Nani? Kupima Tezi ya Shingo kwa Viwango Vyetu, Shinyanga na Geita

(Mhadhara uliotolewa mjini Shinyanga mbele ya watumishi wa afya, walimu, viongozi wa vijiji na wachimbaji wadogo. Umehaririwa kidogo kwa ajili ya kuchapwa.)



 

Nimefurahi kuona mabenchi ya nyuma yamejaa wachimbaji. Naomba nianze na jambo wanalolijua kuliko sisi wenye makoti meupe. Mchimbaji akipeleka dhahabu yake kwenye soko la Geita, lile lililofunguliwa mwaka 2019, jicho lake la kwanza haliendi kwenye bei. Linaenda kwenye mizani. Anataka kuona imekaa sawasawa juu ya meza, upepo hauigusi sahani, na inasoma sifuri kabla ya chembe yake kuwekwa. Pointi moja ni chakula cha watoto. Mizani ikisoma kitu wakati haijawekewa kitu, anakunja kitambaa chake na kutafuta mnunuzi mwingine.

Leo nawaomba tuikague mizani nyingine, ile iliyochapwa upande wa kulia wa karatasi ya majibu ya maabara. Lengo langu ni kuwashawishi kwamba Kanda ya Ziwa inahitaji viwango rejea vyake yenyewe vya vipimo vya tezi ya shingo, na kwamba viwango hivyo visipotafutwa kwa uangalifu vinaweza kutudhuru kuliko vile tulivyoazima. Nina hoja tano.

Kabla ya hoja, maneno machache kwa wasio wa fani. Tezi ninayoizungumzia imekaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, na umbo lake ni kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Kitaalamu inaitwa thairoidi. Ikivimba tunasema goita. Waswahili wa zamani waliita rovu. Kazi yake ni kutengeneza homoni mbili, T4 na T3, zinazoamua mwendo wa mwili: moyo upige kwa kasi gani, chakula kiunguzwe upesi kiasi gani, ubongo wa mtoto aliye tumboni ukue vipi. Malighafi yake ni iodini, ambayo sote tumezoea kuiita madini joto. Chini ya ubongo ipo tezi nyingine ndogo, pituitari, ambayo ndiyo nyapara. Akiona kazi imelala, anapaza sauti. Akiona imezidi, ananyamaza. Sauti ya nyapara huyo ndiyo homoni ya TSH tunayoipima kwenye damu. TSH ikipanda sana, tezi imelemewa. Ikishuka sana, tezi inafanya kazi kupita kiasi.

Hoja ya kwanza: Kila kiwango kina watu wake

Itazameni karatasi ya majibu. Kushoto pana jina la kipimo, katikati pana namba yako, kulia pana namba mbili zenye kistari kati yake. Kwa TSH mara nyingi ni 0.4 mpaka 4.0 au karibu na hapo, kwa kipimo cha miliyuniti kwa lita. Namba yako ikitoka nje ya hizo mbili, mashine inachapa herufi pembeni: H kwa iliyo juu, L kwa iliyo chini. Mgonjwa akiiona herufi hiyo moyo unamdunda hata kabla hajaingia kwa daktari.

Namba hizo mbili zilitoka kwa watu. Miongozo ya kimataifa ya maabara inaelekeza wachaguliwe watu wenye afya wasiopungua 120. Wanatolewa damu, wanapimwa, na majibu yao yanapangwa foleni kuanzia dogo hadi kubwa. Wa tatu kutoka mwanzo wa foleni anakuwa mpaka wa chini. Wa tatu kutoka mwisho anakuwa mpaka wa juu. Walioachwa katikati ndio asilimia 95 tunayoitegemea. Maana yake ni kwamba hata katika watu wenye afya kabisa, kama watano katika kila mia watachapiwa H au L. Herufi hiyo inamwambia daktari aangalie kwa makini. Haijamwambia bado kwamba huyu ni mgonjwa.

Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Ufini, Ralph Gräsbeck na Nils-Erik Saris, walipendekeza dunia iache kusema viwango vya kawaida na iseme viwango rejea. Walikuwa na sababu nzito. Neno kawaida linatoa hukumu. Neno rejea linakulazimisha kuuliza: tunarejea kwa nani?

Basi tuulize. Moja ya rejea za TSH zinazotajwa sana duniani ni uchunguzi wa afya wa Marekani uliofanyika kati ya mwaka 1988 na 1994, uliopima watu zaidi ya 17,000. Baada ya kuwaondoa wenye magonjwa ya tezi na wenye mambo mengine yanayovuruga kipimo, mipaka ilikuwa 0.45 na 4.12. Ni kazi nzuri iliyofanywa kwa uaminifu, na humo humo ilionekana kwamba Wamarekani weusi wana TSH ya chini kidogo kuliko weupe. Lakini mkulima wa pamba wa Kishapu hakusimama kwenye foleni ile, wala mama anayetwanga mawe Geita.

Kwamba jambo hili lina uzito, Afrika Mashariki tumekwisha kuliona. Kuanzia mwaka 2008 zilichapishwa tafiti za viwango rejea kutoka Kericho nchini Kenya na kutoka Mbeya hapa kwetu. Mwaka 2009 ukafuata utafiti mkubwa wa Rwanda, Uganda, Kenya na Zambia uliopima watu zaidi ya 2,000. Ilibainika kwamba Waafrika wengi wenye afya njema wana chembe nyeupe za aina ya neutrofili chache kuliko mipaka ya Marekani. Kwa mizani ya kuazima, kijana mzima angeambiwa damu yake ina kasoro, na angekataliwa kushiriki majaribio ya chanjo inayotengenezwa kwa ajili yake. Kazi hizo zilihusu damu na kemia yake. Sasa ni zamu ya tezi ya shingo.

Hoja ya pili: Tezi inakula kinacholiwa na mwenye nayo

Miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba karibu robo ya Watanzania wana goita. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilisimamia ugawaji wa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, kisha katikati ya miaka ya 1990 kanuni zikataka chumvi ya kula itiwe madini hayo. Kufikia mwaka 2004, goita kwa watoto wa shule za msingi ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 7. Wapo humu ndani waliofanya kazi hiyo kwa baiskeli na kwa miguu. Wazee wangu, taifa lina deni kwenu.

Lakini wastani wa taifa hauli chumvi. Anayekula ni mtu, na mtu yuko mahali. Nendeni kwenye gulio lolote la huku kwetu. Mtaona kiroba cha chumvi kimefunguliwa mdomo, jua la saa saba linakipiga, muuzaji anapima kwa kikombe cha plastiki. Nyumbani chumvi hiyo inakaa kwenye kopo lisilo na kifuniko, karibu na mafiga. Madini joto yanapotea taratibu kwa joto na unyevu. Babu zetu Wasukuma walikuwa wakisafiri kwa misafara mpaka Ziwa Eyasi kuchota chumvi. Na mpaka leo, chumvi isiyopita kiwandani ikiingia chunguni, hakuna aliyeitia chochote. Kwa upande mwingine, ziko sehemu za nchi ambako vipimo vya mkojo vimeonyesha madini joto yamezidi.

Ongezeni chakula chenyewe. Huku tunakula ugali wa udaga na ugali wa uwele. Mihogo isiyolowekwa na kukaushwa vizuri huacha mwilini kemikali inayoizuia tezi kuchukua madini joto. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti walikuta sehemu mbili ambazo zote zilikuwa na upungufu wa madini joto, lakini goita ilikuwa nyingi zaidi upande mmoja, na mihogo ndiyo iliyoeleza tofauti hiyo. Uwele nao umehusishwa na goita huko Sudan. Siwakatazi udaga, mimi mwenyewe nimekulia huo. Nasema tezi ya mla udaga haina budi kujulikana kabla ya kuhukumiwa. Na samaki wa ziwa letu, pamoja na utamu wake, ana madini joto machache kuliko samaki wa bahari. Visima vya Shinyanga vina floridi nyingi, mtaiona kwenye meno ya watoto yenye madoa ya kahawia, na zipo tafiti zinazoihusisha floridi iliyozidi na mabadiliko ya tezi.

Msidhani haya ni ya Afrika tu. Katika miaka ya 1990 wazee wa Jutland nchini Denmark, ambako madini joto yalikuwa haba, walilinganishwa na wazee wa Iceland, ambako yalikuwa mengi. Jutland waliozidi ni wenye tezi iliyozidisha kazi; Iceland waliozidi ni wenye tezi iliyolegea. Wote ni Wazungu wa kaskazini. Kilichowatenganisha ni mlo na maji. Kwa hiyo ninapodai viwango vyetu, sisemi damu ya Msukuma ni ya aina yake. Nasema chumvi yake, maji yake na kazi yake ni vya mahali pake.

Hoja ya tatu: Mimba, usiku na mashine

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali moja nisiyoitaja, nilikabidhiwa faili la mama mwenye mimba ya wiki kumi. Alikuwa anatapika, amekonda, moyo unamwenda mbio. TSH yake ilikuwa 0.2, na pembeni pamechapwa L. Dawa ya kuizuia tezi, kabimazole, ilikuwa imeshaandikwa. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na nilibakiza kuweka saini.

Muuguzi mmoja mzee aliniuliza swali moja tu: "Daktari, hiyo mipaka ni ya wajawazito?" Haikuwa yao. Katika miezi mitatu ya kwanza homoni ya mimba huisukuma tezi ifanye kazi zaidi, na nyapara hupunguza sauti. Kwa mjamzito wa wiki kumi, 0.2 inaweza kuwa hali njema kabisa, ilhali kabimazole katika wiki hizo inaweza kumletea mtoto ulemavu wa kuzaliwa. T4 yake tulipoipima ilikuwa sawa. Tukamtibu kutapika, akapona. Tangu siku hiyo kila nikiona L nauliza: L ya nani?

Wenzetu wenye fedha nao walijikwaa hapa. Mwaka 2011 Chama cha Tezi cha Marekani kilielekeza kwamba TSH ya mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza isizidi 2.5. Tafiti kutoka Asia na kwingineko zikaonyesha kwamba akina mama wengi wenye afya wanavuka mpaka huo. Mwaka 2017 chama hicho kikabadilisha mwongozo: kila eneo litumie viwango vya watu wake, kwa kila kipindi cha mimba, na pasipo na viwango hivyo mpaka wa juu uwe karibu na 4.0. Waliotuazima mizani wenyewe wanatuambia tutengeneze yetu.

Kuna usiku pia. TSH hupanda usiku na kushuka mchana, na kukesha huipandisha zaidi. Mwanaapolo, yaani mchimbaji, aliyetoka duarani, shimoni mwa machimbo, alfajiri baada ya zamu nzima, akatolewa damu saa mbili asubuhi, halingani na karani aliyelala kwa muda wa saa nane. Halafu kuna mashine. Sampuli moja ya T4 huru ikipita kwenye mitambo ya makampuni mawili inaweza kutoa namba mbili zinazotofautiana vya kutosha kubadilisha hukumu. Kiwango kisichotaja mashine na vitendanishi vyake hakijakamilika.

Hoja ya nne: Nani tumwite mzima?

Hapa ndipo penye uzito wa mhadhara wangu, nawaomba mnivumilie.

Mtu anaweza kusema: basi twende kesho Rwamagasa, kijiji cha wachimbaji, tuchukue watu 120 wasiolalamika ugonjwa, tupange foleni, tupate mipaka ya Geita. Tusiende hivyo.

Mwaloni, panaposafishiwa dhahabu, mnapajua. Mawe yaliyosagwa kwenye karasha yanapitishwa kwa maji juu ya vitambaa vilivyotandazwa kwenye mteremko. Mchanga mzito unaobaki unatiwa kwenye beseni, zebaki inamiminwa, na mikono mitupu inakanda mpaka zebaki ishike dhahabu. Inakamuliwa kwa kitambaa, linabaki donge la rangi ya fedha. Donge linachomwa. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Mama anayekoroga uji hatua kumi kutoka hapo anauvuta, na mtoto mgongoni anauvuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki uliwachunguza wakazi wa Rwamagasa na kukuta dalili za sumu hiyo. Baadaye watafiti wa chuo cha afya cha Bugando, Mwanza, na wenzao walipima zebaki na aseniki kwa wajawazito wa maeneo ya machimbo. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Mvuke, lakini, hausomi mikataba.

Zebaki inagusaje tezi? T4 ikitoka shingoni hugeuzwa kuwa T3 ili ifanye kazi, na vimeng'enya vinavyoigeuza vinategemea madini ya seleniamu. Zebaki huing'ang'ania seleniamu. Zaidi ya hapo, mtu mwenye sumu ya zebaki hutetemeka mikono, hukosa usingizi, huwa na hasira na hukonda. Mwenye tezi iliyozidisha kazi hutetemeka mikono, hukosa usingizi, huwa na hasira na hukonda. Kijana wa mwaloni akikaa mbele yako hawezi kushika kikombe cha chai bila kumwagika, kipimo cha tezi ndicho kitakachokusaidia kujua uende njia ipi. Mizani ikikosea hapo, unamtibu ugonjwa asio nao na kumrudisha kwenye sumu inayomuua.

Sasa tuchukue hatari yenyewe. Ikiwa zebaki imesogeza TSH ya kijiji kizima, na sisi tukatengeneza kiwango kutokana na kijiji hicho, mipaka yetu itasogea pamoja na sumu. Kila mtu atasomeka mzima. Tutakuwa tumeyapa madhara hati ya kuwa kawaida, tena kwa muhuri wa utafiti wa wenyeji. Hata goita ilikuwa hivyo zamani: palipokuwa na wengi wenye uvimbe shingoni, uvimbe ulionekana umbile.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ni kweli. Lakini nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mgonjwa haimsitiri mzima.

Njia ni kuwa na makundi mawili. Kundi la kwanza ni la rejea. Watoke katika vijiji vya wakulima na wafugaji wa kanda hii hii vilivyo mbali na mialo: wale udaga huo huo na uwele huo huo, lakini mkojo wao upimwe zebaki na aseniki na uonekane salama, na upimwe madini joto na yaonekane ya kutosha. Wasiwe na goita ya kuonekana wala ya kupapaswa, wala kingamwili zinazoshambulia tezi, wala dawa zinazoivuruga, na familia zao zisiwe na historia ya ugonjwa huo. Wasiwe na homa siku hiyo, maana ugonjwa wowote mkali hubadilisha homoni hizi. Kundi la pili ni la mialoni. Hao tusiwatumie kutengeneza mipaka. Tuwasome kwa mipaka ya kundi la kwanza. Tofauti itakayoonekana kati ya makundi hayo ndiyo itakayotuambia zebaki imefanya nini, na ndiyo ushahidi ambao mchimbaji ataubeba mbele ya wenye mamlaka.

Hoja ya tano: Kazi inawezekana, na ianze kidogo

Najua swali la waganga wakuu: fedha ziko wapi? Naomba tuhesabu pamoja. Wanaume 120, wanawake wasio wajawazito 120, na wajawazito 120 kwa kila kipindi kimoja kati ya vitatu vya mimba. Jumla ni watu 600. Kliniki zetu za wajawazito zinaona idadi kubwa kuliko hiyo kila mwaka. Tusitegemee wachangia damu peke yao, kwa kuwa wengi ni vijana na wanaume. Damu itolewe asubuhi, kwa saa zilizokubaliwa, na iandikwe aliyetoka zamu ya usiku. Sampuli zipimwe kwa mashine moja, na mashine itajwe. Tangu Daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025, sampuli iliyotoka Geita haisubiri tena kivuko ili ifike Bugando. Chuo kipo Bugando, na kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kipo Mwanza.

Na kabla ya hao 600, ipo hatua ambayo maabara yoyote ya mkoa inaweza kuichukua. Miongozo inaruhusu kiwango cha kuazima kijaribiwe kwa watu 20 wenye afya wa mahali. Wakitoka nje ya mipaka wawili au pungufu, unaweza kukitumia kwa muda. Wakiwa watatu au wanne, chukua ishirini wengine. Wakifika watano, kiache.

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia.

Miaka kumi ijayo natamani nione karatasi ya majibu imebandikwa kwenye faili la mama wa Nyang'hwale au Msalala. Kulia pawe na namba mbili, na chini yake sentensi fupi: wanawake wajawazito, miezi mitatu ya kwanza, Kanda ya Ziwa, mashine fulani, mwaka fulani. Daktari kijana akiisoma asihitaji bahati niliyoipata mimi, ya muuguzi mzee kusimama karibu. Swali lake liwe limechapwa tayari kwenye karatasi.

Kwa wachimbaji wa mabenchi ya nyuma: tutakapokuja kuomba damu na mkojo wenu, tukagueni. Tuulizeni sampuli inakwenda wapi, nani atapewa majibu, na mizani inasoma sifuri au haisomi. Tusipojibu, kunjeni kitambaa.

Na kwa wenzangu wa maabara, naomba watu ishirini kabla ya mwezi huu kwisha.